Kochi Lililopumua

Kila asubuhi, kabla hajavaa aproni na kabla hajaitikia salamu ya mtu, Bi Springi alikalia makochi yote ya karakana yake, moja baada ya jingine. Aliketi na uzito wake wote, ambao haukuwa haba, akafumba macho, akahesabu kimoyomoyo moja hadi kumi. Kochi likilia, alijua mbao zimeachana. Likimzamisha, alijua sponji imekwisha. Likikaa kimya na kumpokea sawasawa, alilipiga kikofi cha mapenzi begani na kuhamia la pili. Alikuwa na miaka kumi na tisa ya kufanya hivyo, na mdogo wake wa kike, ambaye mtaa mzima ulimwita Mkasi, alikuwa na miaka kumi na tisa ya kumcheka.

"Dada, ipo siku utakalia msumari."

"Nimeshakalia. Mara tatu. Unadhani ufundi unakujaje?"

Karakana ilikuwa ya wao wawili tu. Bi Springi alifumua, alipigilia, alijaza na kuvalisha. Mkasi alikata na kushona. Alikuwa mwembamba, mkali wa maneno, na mkono wake haukuwa na mfano: ukimpa kitambaa cha mistari, mistari ya kikalio ilipanda moja kwa moja hadi kwenye mgongo wa kochi bila kupishana hata unene wa uzi. Wateja walikuja kwa ajili ya mistari hiyo. Mwenye duka la mapazia la ng'ambo ya barabara alikuwa amemtaka miaka nenda miaka rudi, na kila mara Mkasi alimjibu kwamba yeye hafanyi kazi na vitu vinavyoning'inia.

Basi wiki moja Mwenye Magari, bwana mmoja anayeuza magari yaliyotumika, alileta kochi la watu watatu. Lilikuwa la marehemu baba yake, zito kama deni la dhambi, na lilikuwa limekaa miaka mingi kwenye stoo iliyopakana na kichaka. Kitambaa cha chini kilichanika, rangi ilikuwa haijulikani ni kijani au ni uchakavu. Bi Springi alipolikalia asubuhi ya kwanza, likampokea vizuri. Alipofika saba katika kuhesabu, likamwinua. Taratibu, kidogo tu, kisha likamshusha.

Alifumbua macho. "Mkasi! Kochi hili linapumua!"

"Pumzi ni yako. Punguza chapati."

"Nakwambia watu wa zamani walijua kujaza. Njoo ukae."

"Mimi sikalii kochi la marehemu. Akilitaka?"

Kwa siku nne Bi Springi alilikalia kochi lile kuliko mengine yote. Alihesabu hadi kumi, halafu ishirini, halafu akaacha kuhesabu. Aliwaketisha wateja wawili na mtu wa kusoma mita ya maji, na wote watatu walikiri kwamba hawajawahi kukaa mahali penye ukarimu kama pale. Jioni alimsimulia mumewe, mtu mpole aliyegonga mihuri posta, kwamba amekutana na ujazo ambao hajui umefanywa na nini, na kwamba akiijua siri yake atatajirika.

Siku ya tano, Jumanne, alilipindua kochi, akashika koleo na kuanza kung'oa misumari ya chini. Alipokunja kile kitambaa kilichochanika na kumulika ndani, akaguna kwa furaha.

"Mkasi, hebu njoo uone. Ndani wametia ngozi! Ya maua!"

Mkasi alikuja na mkasi wake mkononi na miwani puani. Katika mambo ya vitambaa hakuwa na mzaha. Aliinama, akatazama kama mtu aliye mbele ya bibi harusi. Ilikuwa hudhurungi yenye madoa meusi yaliyozungushiwa mstari mwembamba wa rangi ya krimu, na iling'aa kama iliyopakwa mafuta leo leo.

"Dada, hii siyo ya kiwandani. Tazama, hakuna ua linalojirudia."

"Ndiyo nakwambia!"

"Na wameikunja tu, hawakuishona. Ni jora zima hili. Ngoja nikate kipande kidogo cha sampuli, pale pembeni."

Akaufungua mkasi, akaupeleka. Ngozi ikasogea mbali nao.

Mkasi akausogeza tena, kwa mazoea, kama anavyofuata kitambaa kinachoteleza mezani. Ngozi ikajikunyata, ikajiviringa, na kutoka katikati ya jora kikainuka kichwa chenye ukubwa wa kiatu cha mtoto, kikawatazama wale mafundi wawili kwa macho ya mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake.

Mkasi hakupiga kelele. Alikuwa chini, kisha akawa juu ya meza ya kukatia, na hakuna aliyewahi kueleza alifikaje, maana meza ile ilikuwa ndefu kwenda juu na yeye alikuwa na goti bovu. Bi Springi alikaa pale pale chini, koleo mkononi. Kisha, badala ya hofu, kikamjia kicheko. Kilianzia tumboni, kikapanda, kikamtoa machozi.

"Siku nne!" alisema alipopata pumzi. "Siku nne namkalia mtu wa watu!"

"Dada, toka hapo!"

"Na hakulalamika hata mara moja!"

Chatu alirudisha kichwa chake ndani, akajipanga upya, akalala. Bi Springi alilisukuma lile kochi, chatu na vyote, hadi stoo ya nyuma, akisema "samahani" kila kilipotokea kizingiti, akafunga mlango. Mlango ule ulikuwa na kioo. Halafu akapiga simu ofisi ya wanyamapori. Mama mmoja wa sauti nzito akamwambia wasimguse, wasimlishe, wasifungue mlango, na kwamba gari lao liko gereji hadi Ijumaa.

"Na mtu akitaka kumfuga?" Bi Springi aliuliza. Swali lilimtoka kabla hajajua kwamba analo.

"Kuna kibali," yule mama akasema. "Tutazungumza Ijumaa."

Mkasi alikuwa amesikia yote kutoka juu ya meza. "Umeuliza nini wewe?"

"Nimeuliza tu."

"Basi nikujibu tu. Akibaki yeye naondoka mimi. Ng'ambo ya barabara wananisubiri, na mapazia hayana matumbo."

Bi Springi alimjua mdogo wake. Mkasi alikuwa mtu wa maneno mengi ya kutania, ila alipotaka kusema kweli sauti yake ilishuka, na sasa ilikuwa imeshuka. Lakini alimjua pia mtu mwingine, yeye mwenyewe, yule anayemtazama kwenye kioo cha mlango akicheka peke yake. Mtu huyo hakuwa ameonekana tangu mtoto wa mwisho alipoenda kusoma mbali na nyumba ikabaki na sauti ya redio na ya kijiko cha mumewe kwenye kikombe. Alikuwa na muda hadi Ijumaa kuamua.

Akampa chatu jina: Mahameli.

Jumatano asubuhi hakukalia kochi lolote. Alivuta kigoda, akaketi mbele ya kioo, akamwangalia Mahameli akitoka taratibu kupitia tundu la kochi kama dawa ya meno inayokamuliwa na mtu asiye na haraka. Alitoka, akatoka, akazidi kutoka. Alizunguka stoo, akapita juu ya magunia ya sponji, akarudi mwanzoni kabla mkia haujamaliza kutoka. Bi Springi alipiga makofi.

"Dada, nani anashangiliwa?" Mkasi aliuliza kutoka mezani. Alikuwa amehamia huko na chaki zake, tepu yake, na chupa ya chai. Alikata akiwa amepiga magoti juu ya kitambaa chenyewe.

"Shuka ule."

"Nitupie mkate."

Habari ilienea kabla ya mchana. Watu walijaa mlangoni. Mwenye Magari alikuja, akachungulia kioo, akarudi nyuma hatua sita na kuufuta uso kwa tai yake.

"Mimi nilileta kochi," alisema. "Sikuleta mbuga."

"Mzigo wako huo, mzee."

"Kochi ni langu. Huyo hakuwa kwenye hesabu."

Mama mmoja mwenye viti sita vya kulia chakula aliuliza kama nyoka ataviandama nyumbani, halafu, alipohakikishiwa kwamba la, akaonekana kama aliyepunjwa. Mumewe Bi Springi alipita akitoka posta, akasimama mbele ya kioo muda mrefu, wino wa mihuri vidoleni.

"Anakoroma?" akauliza.

"Hakoromi."

"Basi mimi sina neno."

Bi Springi aliona hiyo ni nusu ya ushindi. Alhamisi, licha ya yale aliyoambiwa, alinunua kuku mwekundu, akafungua mlango upana wa kiganja na kumsukumia ndani. Akakaa kwenye kigoda, mikono mashavuni. Mahameli alimtazama kuku, akalala. Kuku alitembea juu ya Mahameli tangu mkiani hadi karibu na shingo, kama mkaguzi wa barabara, akaruka juu ya mkono wa kochi, akajikunyata, akataga yai.

Bi Springi alicheka hadi akadondoka kutoka kigodani. Alicheka akiwa chini sakafuni, miguu juu, mbele ya wateja. Hata Mkasi, kule juu, alisikika akikohoa kikohozi kimoja kirefu chenye kicheko ndani yake.

"Huyo kuku simwogopi," Mkasi alisema. "Huyo mfuge."

Ilikuwa ni baada ya kumtoa kuku, akiwa bado anajifuta machozi, ndipo Bi Springi alipochukua kazi iliyokuwa tayari: kikalio na mgongo wa kochi la daktari wa meno, kitambaa cha mistari ya buluu na nyeupe. Alivivalisha kwenye fremu, akavuta, akasimama mbali kidogo kutazama.

Mistari haikukutana. Ilipishana vidole viwili, na mmoja ulikuwa umepinda katikati, kama njia ya mtu anayetembea huku akitazama nyuma.

Aligeuka. Mkasi alikuwa amepiga magoti juu ya meza, amevaa viatu vya kamba vilivyofungwa tayari kwa mbio, anakata kitambaa kingine. Kila sauti ndogo ilipotoka stoo, bega lake la kulia liliruka, na mkasi uliruka nalo. Hakuwa anatania. Hakuwa anamkomoa mtu. Alikuwa anajitahidi.

Bi Springi alitoa misumari kimya kimya, akakunja vile vipande viwili na kuvificha chini ya magunia, kisha akakiondoa kigoda mbele ya kioo.

Ijumaa, gari la wanyamapori likaja. Yule mama wa sauti nzito alikuwa mfupi, mwenye buti hadi magotini na vijana wawili wenye gunia la turubai. Alichungulia kioo, akatabasamu kama mtu aliyekutana na jirani wa zamani, akaomba tepu. Mkasi akamtupia yake kutoka juu. Mama yule aliingia, akazungumza na Mahameli kwa upole, akampima alivyolala.

"Meta nne na robo," alisema alipotoka. "Na bado ni msichana. Ataongezeka."

"Hadi wapi?" Bi Springi aliuliza.

"Unatengeneza yale makochi ya kona?"

"Natengeneza."

"Hadi hapo." Akatoa karatasi mfukoni. "Afya yake nzuri, chumba kinafungika. Kibali hiki hapa. Anatakiwa kusaini mfugaji, na mtu mmoja anayefanya kazi mahali hapa, kwamba ameridhia."

Karakana nzima ikamtazama Mkasi. Waliokuwa mlangoni waliacha kutafuna. Mkasi alikaa juu ya meza yake, akamtazama dada yake kwa muda, akavua miwani, akaivaa tena.

"Lete hiyo karatasi," alisema.

"Mdogo wangu, hulazimiki."

"Nimesema lete. Jana umecheka umelala chini, watu wazima wanakuona, hukujali. Mara ya mwisho ulicheka hivyo tulikuwa hatujaolewa. Mimi siendi kwenye mapazia. Nitazoea." Akaishika karatasi juu ya paja lake, akatafuta pa kusaini. "Nitazoea polepole. Meza ni pana, inanitosha."

Jina lake, ambalo aliliandika kila siku kwenye risiti bila hata kutazama, likatoka limevunjika vipande vitatu. Akaishusha karatasi kwa ncha za vidole, akatabasamu kwa meno yote, na kule stoo gunia moja la sponji likaanguka, na bega lake likaruka.

Yule mama wa wanyamapori alikuwa amesimama katikati yao, na alikuwa ameona. Alichukua karatasi, akaitazama ile saini, kisha akamgeukia Bi Springi.

"Kwa upande wangu hakuna kizuizi," alisema. "Nina swali moja tu. Unamfuga, au naondoka naye?"

Bi Springi alitazama kioo. Mahameli alikuwa ameinua kichwa juu ya mgongo wa kochi, ametulia, mzuri kupita kitambaa chochote kilichowahi kuingia karakana ile. Aliutazama uzuri huo sawasawa, hadi akatosheka.

"Ondoka naye," alisema.