Mheshimiwa wa Kiti cha Nyuma

Jumamosi, katika ukumbi wa kanisa moja mtaani Sydenham, tulikuwa tunamngoja mgeni kutoka Uswisi. Kadi ya mwaliko ilitaja saa nane, na ilisema ni wakili na mbunge wa mkoa wake kwa miaka kumi na miwili.

Saa nane kamili aliingia mzungu mwenye mkoba mgongoni, akasalimia kwa Kiswahili cha Lubumbashi. Shemasi alimwonyesha kiti cha plastiki nyuma, kati yangu na mama mmoja Mkongo aliyebana bahasha kwapani.

"Ni barua ya Kijerumani," mama alimweleza. "Bwana yangu iko Uswisi. Sijui wamenikubalia nimfuate."

"Mimi nasoma Kijerumani," mzungu alisema, akanyoosha mkono.

Mama aliihamishia bahasha kwapa la pili. "Aksanti, papa. Nangojea mheshimiwa."

Nusu saa baadaye shemasi alirudi kutoka getini, alikokuwa akiutazamia msafara wa magari. "Mheshimiwa amekwama kwenye robot," alitangaza, akimaanisha taa za barabarani.

Mzungu aliinua mkono taratibu. "Mheshimiwa ni mimi. Nimekuja na teksi."

Mama alimkagua kuanzia viatu. "Mheshimiwa gani anafika saa ya kadi?" aliniuliza. Hata hivyo, alimpa bahasha.

Alisoma mara mbili. "Wamekataa, mama. Lakini rufaa inapokelewa mpaka Jumatatu." Akatoa kalamu, akaanza kuandika palepale, na hotuba ikangoja.

Mbele, kiti tulichomwandalia, chenye kitambaa cheupe, kilibaki kitupu. Shemasi bado alikuwa akichungulia getini.