Pilau Kabla ya Kompyuta

Mie hadi leo nikisikia harufu ya pilau iliyopoa natamani kutapika, na pilau yenyewe haina kosa. Kosa ni la vijana watatu wa kompyuta niliokuwa nawafagilia ofisi pale Kinondoni, na langu pia, nitalisema hukohuko mbele.

Ofisi yenyewe ilikuwa banda la gari la mwenye nyumba. Miaka ile ya tisini mtu akiwa na banda analipangisha, huyu saluni, yule duka la mitumba, wetu akawapa vijana wa kompyuta. Mashine mbili, feni moja, kidirisha. Kazi yangu kufagia, kuchemsha chai na kufuta mashine, na kufuta ndiko kulikonichefua. Wale walikuwa wanakula chipsi huku wanaandika, vitufe vikawa na mafuta kama kikaango, katikati nywele, kucha, punje za wali. Nilikuwa navichokonoa kwa njiti ya kiberiti kimoja kimoja, uso nimeugeuza. Mie nimeishia darasa la nne, lakini vitufe vyote vya mashine ile nilivijua kwa uchafu wake.

Mkubwa wao alikuwa amerudi kutoka kusoma ng'ambo, akaja na utaratibu mmoja. Utaratibu wenyewe ulikuwa mzuri, sina neno nao. Walikuwa wanatengeneza programu ya kuandikisha wagonjwa, maana zahanati za watu binafsi zilikuwa zinafunguliwa kila mtaa. Akasema hatusubiri mpaka tumalize. Kila Alhamisi tuite watu watatu wa kawaida, hapahapa mtaani, tuwakalishe kwenye mashine, tuwape kazi ya kufanya, sie tuangalie wanakwama wapi. Ijumaa tunarekebisha, Alhamisi nyingine tunaita wengine. Gharama hakuna, na watu watatu wanatosha kukuonyesha ujinga wako.

"Na mtu akikwama msimsaidie," aliwaambia wenzie. "Fungeni midomo."

Nilimsikia kwa masikio yangu, tambara mkononi.

Sasa sikia walichokifanya. Mgeni kaja kwako, utamtia kazini hajala? Haiwezekani, wote watoto wa hapa mjini, wamelelewa. Basi kwanza inaagizwa pilau kwa mama ntilie, na soda baridi. Shikamoo mama, shikamoo mzee, karibuni, ongeza nyama. Mtu ameshashiba, anajifuta mdomo, ndipo anakalishwa kwenye mashine. Akimaliza anaulizwa, "Mama, umeionaje programu yetu?" Niambie wewe, nani mwenye adabu zake atasema ubaya wa nyumba ambayo kidole bado kinanukia mchuzi wake?

"Nzuri, wanangu. Mungu awazidishie."

Kijana anaandika kwenye daftari: ameipenda.

Alikuja fundi cherehani mmoja, akakwama mpaka jasho linamdondokea mezani. Kijana mmoja, mrefu hivi, uvumilivu hana, mkono ukamtoka juu ya bega la mzee wa watu. "Hapa tu, mzee, bonyeza hapa."

"Ahaa! Kumbe rahisi!"

Daftarini: amefaulu. Hakufaulu kitu. Na ilikuwa hivyo kila Alhamisi, mkono unaruka, mtu anasifu, daftari linajaa. Mie naona. Nikasema? Sikusema. Pilau iliyobaki, imeshapoa, mafuta yameganda juu, ilikuwa yangu. Nilikuwa naila nimesimama mlangoni.

Dada yangu mkubwa alikuwa anaandika kadi za wagonjwa kwenye zahanati moja huko Buguruni. Mjane, watoto wanne, mshahara ule ndio uliokuwa unapika. Daktari mwenye zahanati akainunua programu ya hawa hawa vijana wangu. Akamwambia dada, "Mama, nakupa mwezi mmoja. Mashine ikikushinda nitaleta msichana aliyesomea kompyuta." Dada akaja kwangu jioni ileile. Nikamwambia usihofu, mie nakaa na watu wenyewe. Nikampeleka Alhamisi.

Akala. Akasalimiwa. Akakaa. Jina la mgonjwa akaandika vizuri, herufi moja moja. Mashine ikataka tarehe ya kuzaliwa. Mgonjwa wa kujaribia, dada alimtoa kwenye kadi zake, alikuwa bibi mmoja asiyejua alizaliwa lini. Dada akaiacha wazi, mashine ikalia pii. Akabonyeza tena, pii. Akanitazama. Kabla sijafumbua mdomo, yule mrefu kashafika, kaandika mwenyewe tarehe mosi Januari mwaka hamsini, mashine ikanyamaza, ikaendelea.

"Umeionaje, mama?"

"Nzuri sana, mwanangu."

Nikamshukuru Mungu, mpumbavu mie.

Mwezi ulikuwa unakaribia kwisha nilipopata jipu shingoni, limeiva, linatoa usaha, nikaenda Buguruni likatumbuliwe. Nikakuta zahanati imechafuka. Daktari kasimama mlangoni na karatasi zake.

"Mama, hawa wote ni mapacha?"

"Kwa nini, daktari?"

"Wote wamezaliwa siku moja! Namwita mtu mzima wa zaidi ya miaka arobaini, naletewa mtoto ananyonya! Siku nikiiamini hii karatasi nitampa dawa ya mtu mzima!"

Dada alikuwa amefanya alivyoonyeshwa. Mashine ikilia pii, mwaka hamsini. Daktari akampa mpaka Ijumaa. Watu kwenye foleni wakacheka, mmoja akasema, "Basi mie na mjukuu wangu rika moja!" Dada hakucheka. Akanivuta nyuma ya choo, pananuka mkojo, akaniuliza polepole, "We, unakaa na wale watu kila siku. Ulikuwa hujui kwamba hawajui?"

Nilijiona uchafu kuliko lile jipu.

Jipu likatumbuliwa, likafungwa, nikaenda kwa mkubwa wao, sikubisha hodi. Nikamwambia programu yako inamfukuzisha dada yangu kazi. Akafungua daftari.

"Lakini mjomba, Alhamisi zote hizi wamefaulu."

"Hakufaulu mtu. Amefaulu huyo mwenzio mwenye mkono mrefu. Na waliowasifu, na mie niliyenyamaza, tulikuwa tunailipia pilau."

Akafunua kurasa, akafunua. Akasema mlete kesho, asubuhi.

Dada akaja kabla ya zamu, na njaa yake. Hakuna chai, hakuna soda. Mkubwa akawaamuru wenzie wakalie mikono yao, na kweli wakaikalia. Akamwambia dada, "Mama, leo usitupe heshima. Kila kinachokuudhi, kiseme."

Wee! Alikuwa ameyaweka moyoni mwezi mzima.

"Bibi katoka Pugu ana homa, anatetemeka, nyie mnamuuliza tarehe! Mama yake mwenyewe alikuwa haijui! Na hii pii yenu, kila mtu foleni nzima anageuka kunitazama kama nimejamba! Kiingereza hiki mnamwandikia nani, mie? Na hiki kitufe kinanata, mmekipaka nini, nyie mnaoga kweli?"

Yule mrefu alianza kuchomoa mkono. Mkubwa akamkazia macho, akaurudisha. Dada alikwama sehemu sita kwa saa moja, na hakusaidiwa hata moja. Daftari safari hii liliandikwa matusi matupu.

Wakarekebisha siku hiyohiyo. Ikawekwa sehemu ya umri, hata wa kukadiria, maneno yakawa ya Kiswahili, ile pii ikatolewa. Alhamisi akaja tena, na wauza mbogamboga wawili kutoka sokoni Buguruni, bila kulishwa. Walikwama sehemu mbili. Zikarekebishwa kabla hawajamaliza kutukana, na jioni ileile programu mpya ikapelekwa zahanati.

Ijumaa nilikwenda kubadilisha bandeji. Daktari kasimama nyuma ya dada, mikono kaikunja. Akaingia mzee wa watu, fimbo mkononi.

"Umri wako, baba?"

"Aa, mwanangu, sabini, au na kitu."

Dada akaandika sabini. Mashine ikapokea, karatasi ikatoka. Daktari akaichukua, akamtazama mzee, akaitazama karatasi. "Haya, mama, endelea," akasema, akaingia ndani.

Dada akaita mgonjwa anayefuata. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka mezani kwake, na shingo yangu iliyofungwa. Hakunitazama. Zamu yangu ilipofika akaniuliza jina, kama anavyomuuliza mtu asiyemjua, nikamtajia.