Darasa Kwenye Shamba la Bi Shamsa

Zege bichi lina harufu yake, na aliyewahi kuisikia kwa karibu haisahau. Ni harufu ya vumbi la saruji lililokutana na maji ghafla, ya mchanga wa mtoni na ya nondo zilizoanza kushika kutu. Kwangu mimi imechanganyika pia na harufu tamu, nzito kidogo, ya minazi iliyokatwa karibuni. Nikipita mahali panapojengwa miguu husimama yenyewe, hata nikiwa nimechelewa ninakokwenda. Narudi kuwa msichana wa miaka kumi na minne aliyevaa gauni la shule ya msingi ambayo amekwisha kuimaliza, kashika ndoo tupu, na mdomo wazi kwa mambo anayoyaona.

Kijiji chetu kiko nyuma kidogo ya Mwera, upande wa Pangani, mahali ambapo barabara ya vumbi inapita kati ya minazi na mihogo. Sekondari ya kata ilikuwa na vyumba vinne vya madarasa, na kwa miaka mingi vilitosha, kwa sababu waliofaulu darasa la saba walikuwa wachache na waliolipiwa ada walikuwa wachache zaidi. Kisha ada ikaondolewa. Wazazi waliokuwa wamekata tamaa wakaanza kuwahimiza watoto, na mwaka niliomaliza mimi tulifaulu wengi mpaka walimu wakashangaa. Furaha ilidumu siku chache tu. Majina yalipobandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya mtendaji, karatasi zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya wanaoanza Januari, na ya pili ilikuwa ya wanaosubiri vyumba. Mama yangu alikuwa hasomi. Alinishika bega pale kwenye msongamano akaniuliza, "Jina lipo?" Nikamwambia, "Lipo." Akasema, "Alhamdulillahi," akanivuta tuondoke. Tulikuwa tumefika nusu ya njia nilipopata ujasiri wa kumweleza kuwa lipo kwenye karatasi ya pili. Alisimama kidogo, akaufunga upya mtandio wake, akaendelea kutembea bila kusema neno.

Neno alikuja kulisema Mjomba Rajabu. Yeye alikuwa mdogo wake Mama na aliuza machungwa Muheza, na mkewe alikuwa amejifungua mapacha. Alikuja kutuletea machungwa, akala, kisha akasema kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya, kwamba mtoto aliyekaa bure nyumbani huharibika. "Nipe Mwanaisha akamsaidie wifi yako na hao watoto, dada. Shule yenyewe haina hata ukuta." Mama akamwambia asubiri mpaka Machi iishe. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni nachambua mchicha, na nilijua kabisa kuwa nikienda Muheza kulea mapacha sitarudi kusoma. Wasichana wawili wa mtaani kwetu walikuwa wamekwenda kusaidia kulea hivyohivyo, na wote walikuwa wameolewa.

Mkuu wa shule alikuwa amekwisha kuitisha mkutano wa wazazi. Alikuwa mwanamume mrefu wa kutoka Lushoto, mwenye sauti ndogo ambayo ilibidi watu wanyamaze ili waisikie. Alieleza kuwa wananchi wakisimamisha kuta za madarasa mawili mpaka usawa wa lenta, ule mkanda wa zege na nondo unaopita juu ya milango na madirisha, halmashauri italeta mabati na mbao za kupaua. Lakini kazi ikivuka mwisho wa Machi, vifaa vitapelekwa kata nyingine iliyo tayari, na sisi wa karatasi ya pili tutasubiri mwaka mwingine. Watu waliitikia. Tatizo lilikuwa kiwanja. Nyuma ya shule kulikuwa na bonde linalojaa maji kila masika. Mbele ilipita barabara. Ubavuni, pale palipo tambarare, kulikuwa na shamba la minazi la Bi Shamsa, na wajumbe watatu waliotumwa kwake walirudi siku hiyohiyo wakiwa wameinamisha vichwa.

Bi Shamsa alikuwa mjane mzee, wa ukoo uliotoka Oman zamani, na ndiye peke yake aliyebaki katika nyumba yao kubwa. Hakuwa na mtoto. Sisi watoto tulimwogopa kwa sababu alikuwa akitoka kibarazani na fimbo kila nazi ilipoanguka. Siku mbili baada ya wajumbe kurudi, Mama aliniambia nioge na nivae nguo safi. Hakunieleza tunakwenda wapi mpaka tulipofika kwenye ngazi za ile nyumba na kupiga hodi. Bi Shamsa alitukaribisha, tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kutabasamu. Alitupa viti, akaleta kahawa. Mama hakuomba chochote. Alisema tu, "Bi mkubwa, nimemleta huyu umwone. Yeye ni mmoja wa wanaosubiri. Nilitaka umwone kwa macho."

Bi Shamsa alinitazama muda mrefu mpaka nikahisi masikio yanawaka. "Ukienda huko sekondari utasoma nini?" akaniuliza. Nilikuwa nimesikia majina ya masomo kutoka kwa wenzangu, na ningeweza kuyataja yote kwa haraka kama kasuku. Lakini macho yake yalinizuia. Nikasema, "Sijui bado, bibi. Sijawahi kuingia." Akacheka, kicheko kifupi kilichotushtua sote. Halafu akageuka upande wa minazi yake na kuanza kusema, si kwetu hasa. "Kaka zangu watatu walipelekwa Tanga kusoma. Mimi nilipouliza, baba akaniambia hakuna nafasi. Nikaamini. Nilikuwa mtu mzima nilipoipita ile shule nikaona madirisha yake, marefu, na madawati matupu nyuma. Nafasi ilikuwapo. Mimi ndiye niliyekuwa sitakiwi." Kisha akamwambia Mama, "Wale wanaume walikuja kunieleza habari za maendeleo. Hakuna aliyeniambia kuna mtoto anayesubiri. Mwambieni mwalimu aje Jumamosi na watu wenye mashoka. Ila mnazi wa kwanza nitaukata mimi."

Jumamosi hiyo kijiji kizima kilikuwa pale. Bi Shamsa alitoka amevaa baibui, amekunja mikono yake mpaka viwikoni, akasema bismillahi na kupiga shoka kwenye shina la mnazi ambao, alitueleza, baba yake aliupanda mwaka aliozaliwa yeye. Alipiga mara tatu. Hayakuwa mapigo makubwa, yalitoa vibanzi vidogo tu, lakini hakuna aliyethubutu kumsogelea wala kumsaidia. Kisha akampa shoka Fundi Mbwana, mwashi wetu, akarudi kibarazani. Sijapata kusahau namna mnazi ule ulivyoanguka. Kwanza ulitoa mlio mrefu kama mlango mzito. Kilele kikasogea mbinguni polepole sana, mpaka nikadhani ni mawingu yanayokwenda, halafu ardhi ikaruka chini ya nyayo zangu na vumbi likatufunika. Vumbi liliposhuka palikuwa na anga mahali ambapo maisha yangu yote hapakuwa na anga. Mwanga ulimwagika hadi kwenye ukuta wa shule. Mimi nilitazama kibarazani, nikamwona Bi Shamsa amekaa wima, mikono magotini, analia bila kujifuta, na anatikisa kichwa kuwaashiria wanaume waendelee.

Kuanzia hapo siku zilikimbia. Asubuhi wanawake walisomba mchanga na maji, na Mama alikuwa kati yao kabla jua halijachomoza vizuri, kata ya kanga kichwani na ndoo juu yake. Mchana waliketi kivulini kupondaponda mawe kwa nyundo ili kupata kokoto. Wanaume walichimba msingi na kufyatua matofali. Sisi wa karatasi ya pili tulipewa kazi ya kumwagilia matofali yasikauke upesi yakapasuka, na niliifanya kazi hiyo kama ibada. Fundi Mbwana, mtu mfupi asiye na meno mawili ya mbele, alivuta uzi kutoka kona moja hadi nyingine na kuniambia nichungulie. "Unaona? Ukuta huu bado haupo, lakini uzi unajua utakapopita." Kila nilipogeuka ukuta ulikuwa umepanda. Ulifika magotini kwangu, ukafika kiunoni, kisha siku moja nilipoingia ndani sikuweza tena kuona nje isipokuwa kwa dirisha. Nilisimama katikati na kuita jina langu kwa sauti ndogo, na ukuta ukanirudishia. Nilitoka mbio kwa hofu na furaha.

Siku ya kumwaga lenta ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Machi. Fundi Mbwana alituonya kuwa mkanda ule hauwezi kuachwa katikati. Lazima umwagwe mfululizo mpaka duara lifungwe, la sivyo utakuwa na ufa. Watu walijipanga mstari mrefu kutoka kwenye rundo la kokoto hadi juu ya kuta, na makarai ya zege yakaanza kupita mkono kwa mkono. Hakukuwa na mkubwa wala mdogo. Mkuu wa shule alikuwa amesimama kati ya muuza samaki na imamu, suruali imegandwa na saruji. Karibu adhuhuri nilimwona mtu anakuja barabarani na mfuko begani. Alikuwa Mjomba Rajabu. Machi ilikuwa inaisha, naye alikuja kunichukua kama walivyokubaliana. Alikuwa amefika nyumbani akakuta mlango umefungwa na nyumba za jirani zote tupu. Alisimama kando ya ule mstari, akamtafuta Mama kwa macho mpaka akamwona, amejaa vumbi kuanzia nyusi hadi vidoleni. Mama hakusimamisha kazi. Alimwambia tu, "Rajabu, hapo kuna pengo." Mjomba akaweka mfuko chini, akavua shati, akaingia.

Mvua ilianza ikiwa imebaki sehemu ndogo. Kwanza matone makubwa, ya hapa na pale, kisha upepo ukaleta lile giza la masika kutoka baharini. Fundi Mbwana alipiga kelele kutoka juu ya ukuta: zege likipigwa na mvua kabla ya kushika, saruji yote itaoshwa. Sikuelewa nani alianza. Niliona tu makuti ya ile minazi iliyokatwa yanapandishwa juu, kisha mikeka, kisha maturubai ya kuanikia mpunga. Yalipokwisha, wanawake wakaanza kufungua kanga zao za kujitanda na kuzirusha juu, nyekundu, za manjano, za buluu, na wanaume walio juu ya kuta wakazitandaza na kulala juu yake kifudifudi ili upepo usizipeperushe. Chini, mstari haukukatika. Makarai yaliendelea kupita yamefunikwa kwa sinia na sufuria. Nilikuwa nimelowa hadi mifupani, nikatazama juu nikaona kuta za darasa langu zimevikwa nguo za mama zetu, na miili ya watu imezilalia kama wanaokinga mtoto. Nilihisi kitu ambacho sikuwa na jina lake. Karai la mwisho lilipomwagwa, Fundi Mbwana aliinua mikono yote miwili, na vigelegele vikaizidi mvua.

Jioni Mjomba alikula ugali kwetu, mabega yametuna. Aliponawa mikono alimwambia Mama, "Nitamtafutia mke wangu msichana mwingine." Akafikiri kidogo. "Au nitambeba pacha mmoja mwenyewe." Asubuhi akaondoka peke yake.

Mabati yalikuja, madarasa yakapauliwa, nasi tukaingia tumechelewa miezi kadhaa, tukakimbizana na wenzetu mpaka tukawafikia. Bi Shamsa alifariki nikiwa kidato cha tatu. Mama bado yupo, na shingo inamuuma kila msimu wa baridi.

Leo ninafundisha hesabu katika sekondari moja huko Muheza, na mwaka huu tunaongezewa madarasa kwa sababu watoto wamekuwa wengi tena. Mkandarasi amezungushia eneo mabati. Ndani kuna mashine ya kuchanganya zege inayofanya kwa asubuhi moja kazi iliyotuchukua siku nyingi, na kuta zinanyooka kuliko zetu. Sitamani wanawake warudi kubebeshwa mchanga. Nimeikanda shingo ya mama yangu, najua gharama yake. Wanafunzi wangu wataingia katika vyumba vizuri kwa wakati, na hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Lakini kuna jambo linanisumbua ninaposikiliza mashine ile nikiwa nasahihisha madaftari. Wengi waliolala juu ya kuta zile siku ya mvua hawakuwa na mtoto kwenye karatasi ya pili. Muuza samaki hakuwa naye. Fundi Mbwana watoto wake walikuwa watu wazima. Walilowa kwa ajili yetu sisi, watoto wa wenzao, na sisi tulisimama pale tukawaona. Mimi nina elimu waliyonitakia, na michango ninaituma kwa simu bila hata kuinuka kwenye kiti. Najiuliza kama kuna mtoto yeyote, asiye wangu, aliyewahi kuniona mimi nikilowa kwa ajili yake.