Blanketi la Wageni

Wewe, mbwa wako akiugua saratani, utamfanyia nini? Juzi, kwenye ofisi ya mifugo Kasulu, mzee mmoja aliyekuja na mkewe na mbwa wao mwenye ugonjwa huo, alipoulizwa hivyo na daktari, alijibu haraka: "Mbwa ni mlinzi tu, daktari." Huku anamkuna mbwa wake sikio.

Daktari akasema dawa kali za saratani zingemtesa bure jike mzee kama yule. Afadhali vidonge vya maumivu, uji laini, na alale ndani penye joto hadi siku zake ziishe.

"Ndani?" mke akashtuka. "Mbwa?"

Sisi wenye kuku wagonjwa tukatazama dari. Mzee akakohoa.

"Mama, lile blanketi la wageni unalosema mdogo wangu kaiba... nimemtandikia huyu, stoo. Na usiku naamka kumfunika."