Siku Wanja Hakuitikia

Mwezi uliopita, kwenye harusi mjini Embu, mwimbaji alituelekezea maikrofoni ili tuimbe korasi. Ukumbi mzima ulinguruma. Mimi nikatoka nje nikashika ukuta. Mume wangu alidhani ni pilau. Wewe acha nikwambie ukweli.

Nililelewa Kibugu, shamba letu la majani chai likipakana na msitu. Baba alichuna majani siku za wiki, na Jumamosi akapiga gitaa kwenye baa za mjini. Alikuwa na wimbo wake mmoja uliopendwa sana. Yeye aliuliza, "Uko wapi, kipenzi?" na watu wakaitikia, "Niko hapa, sijaenda mbali." Jirani yetu Mama Njoki, shemasi wa kanisa, aliuita wimbo wa shetani, lakini akiinama kuchuna majani ulimtoka puani bila yeye kujua. Nyumbani, korasi ilikuwa mali ya mdogo wangu Wanja, mwenye miaka sita. Aliidaka kabla Baba hajamaliza ubeti.

Nilikuwa na miaka kumi siku niliyompoteza.

Asubuhi na mapema Mama alitutuma kuni, akatuonya tusivuke ua wa msitu. Tulivuka, kwa sababu mimi nilitamani matunda ya mwitu. Nikamkalisha Wanja chini ya mti, nikamwambia, "Usitoe sauti hata kidogo. Askari wa msitu akitusikia atatufunga." Nikaenda kuchuma, na nilipogeuka ukungu ulikuwa umeshuka. Mti sikuuona tena, wala yeye.

Nilikimbia nyumbani, na kwa kuogopa kuchapwa nikasema nimemwacha mtoni.

Asubuhi yote wanakijiji walichokoa maji kwa fimbo. Mama aliingia hadi kiunoni, akipapasa chini ya mawe kwa mikono yake. Nilimtazama, na bado sikusema. Jua lilipopita utosi ndipo ukweli uliponitoka pamoja na matapishi. Nilingoja kofi. Baba alinishika tu mkono, akasema, "Wawira, nionyeshe."

Ndani ya msitu huwezi kuona mtu aliye hatua kumi mbele yako. Tuliita jina hadi sauti zikakauka. Kisha Baba akaanza kuimba. Alipofika kwenye "Uko wapi, kipenzi?" Mama Njoki, kwa mazoea, akaitikia, na wengine wakafuata.

"Nyamazeni!" Baba alifoka. "Hiyo ni ya Wanja. Mwachieni."

Basi akaimba, akanyamaza, tukasikiliza. Matone yalidondoka kutoka majanini. Hakuna kitu. Tukasogea, akaimba tena. Hakuna. Sijui alirudia mara ngapi. Mama alikuwa ameuma khanga yake ili kilio kisimtoke. Ukungu ulianza kugeuka kijivu, giza likikaribia, na wanaume wakawa wanatazamana. Baba akaanza tena ubeti, na katikati ya neno sauti ikavunjika, akalia kwa kwikwi mbele ya watu wote.

Ndipo tukasikia, kutoka chini upande wa kushoto, "Niko hapa."

Alikuwa ametumbukia ndani ya shimo la zamani la wachoma makaa, bega limevunjika, midomo imekuwa ya buluu. Alipona. Wiki hiyo nilimuuliza kwa nini hakuitikia mapema.

"Si uliniambia nisitoe sauti?" alinijibu. "Nilimsikia Baba tangu mwanzo. Lakini alipolia nilimwonea huruma."

Baba hakunichapa kamwe. Wimbo ule aliuacha, watu wakiuomba akisema umemchosha. Nilidhani kweli umemchosha. Kwa miaka mingi niliamini kwamba aliyeteseka zaidi siku ile ni mimi, kwa uongo wangu. Sasa nina binti yangu, na juzi tu alichelewa kurudi kutoka shuleni kwa saa nzima. Ndipo nilipoelewa. Kila alipomaliza ubeti ule na kunyamaza, Baba alikuwa akisikiliza kama bado ana mtoto au hana tena. Alijibiwa na ukimya, na bado akavuta pumzi, akauliza upya.