Fundi Asiyechungulia

Nyuma ya Soko Kuu la Arusha, kwenye baraza ya duka la vipuri vya simu la mzee Pravin, kuna meza ya mbao, taa ya kubana, na mwanamke mwenye miwani mbili: moja ya kuonea watu, nyingine ya kuonea skrubu. Huyo ni Anande, mzaliwa wa Machame, mjane, ambaye mtaa mzima humwita Mama Hans. Ana miaka hamsini na minne, na alianza kutengeneza simu zile za vitufe zilipokuwa bado fahari ya mabosi. Anaongea tangu anafungua mpaka anafunga. Atakusema kwa kuvunja kioo, atakusema kwa kununua chaja feki, na ukithubutu kujitetea atakusema upya ili uzoee.

Lakini hata wanaoukimbia mdomo wake wanamheshimu kwa jambo moja. Mama Hans hachungulii. Simu ikiwa mezani kwake na ujumbe ukaingia, anaigeuza kifudifudi. Siku moja mama mmoja wa Ngaramtoni alimletea simu ya mumewe huku analia, akitaka ifunguliwe aone mwanaume anaandikiana na nani. Anande akampa kiti, akamwagizia chai, kisha akamwambia kazi hiyo ataifanya mume mwenyewe akiwepo. Yule mama alimtukana kuanzia pale barazani mpaka kona ya sokoni. Anande alimsikiliza mpaka sauti ilipopotea, halafu akarudi kwenye waya wake.

Mwaka jana, mwezi wa tatu, alimjia mteja wake wa siku nyingi, Mwalimu Lesian. Huyu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mzee mpole anayekunja mikono ya shati sawasawa pande zote mbili, na ni katibu wa kamati ya ardhi ya kijiji kimoja huko mbele ya Kisongo. Kijiji kilikuwa na mgogoro na mwekezaji juu ya eneo la malisho. Ramani, barua, namba za mashahidi, vyote Mwalimu alivitunza kwenye simu. Kioo kilikuwa kimepasuka, akamwachia Anande simu mpaka kesho yake, pamoja na namba ya siri. Akalalamika pia kwamba bando linaisha upesi na simu inapata joto hata ikiwa imelala mezani. Anande akamwambia ameacha data wazi na wajukuu wanaangalia katuni. Hapo alikosea, na mpaka leo anakiri kwa uchungu.

Mwezi wa tano kukawa na kikao cha usuluhishi mjini. Wakili wa upande wa pili akasimama, akayasema mambo ambayo kamati iliyazungumza sebuleni kwa Mwalimu Lesian, wazee tisa tu, mlango umefungwa. Akataja mpaka jina la shahidi wao mkubwa, bibi mmoja aliyeomba asijulikane. Haikupita wiki, bibi akajitoa kwa hofu. Wazee wakaanza kuangaliana kwa jicho la pembeni. Ndipo Mzee Sumari, mtu anayepima maneno yake, akauliza swali ambalo kila mtu aliliona la maana: simu ya katibu, nani mwingine aliyewahi kuifungua? Fundi. Basi, fundi ameweka kitu.

Mwalimu Lesian akaja mwenyewe sokoni. Hakukubali kiti. Akaiweka simu juu ya meza, katikati ya skrubu, akasema kwa sauti ileile ya upole:

“Baki nayo, Mama Hans. Inaonekana ni yako kuliko yangu.”

Akageuka, akaenda zake. Wateja watatu walikuwepo, na kufikia saa nane mchana soko zima lilijua kwamba fundi asiyechungulia amechungulia. Dada mmoja wa kwaya akaja kuchukua simu yake ikiwa bado imefunguliwa, betri mkono huu, mfuniko mkono ule. Wengine walipita upande wa pili wa barabara wakijifanya wana haraka. Na Anande, jamani, akanyamaza. Hilo ndilo lililomtisha Pravin kuliko yote, mpaka akamuuliza kama anaumwa. Alikuwa anaumia, na sana. Baraza si yake, meza si yake. Kilichokuwa chake pale ni jina, na sasa lilikuwa linaburutwa chini.

Pravin ana binti, Usha, anayefundisha kompyuta chuoni na kukaa dukani na baba yake siku za Jumamosi. Aliposikia kisa chote hakuuliza habari za wazee wala wakili. Aliuliza habari za bando na lile joto. Kisha akavuta kigoda, akamweleza Anande jambo ambalo yeye, na ufundi wake wote, hakuwahi kulisikia likielezwa hivyo.

Kila programu ya simu, alisema Usha, ina matundu ambayo hata walioiandika hawayajui. Kuna watu kazi yao ni kuyatafuta. Mwaminifu akiliona tundu humwambia mtengenezaji, nalo huzibwa. Mwingine akiliona hunyamaza, akaliuza kimyakimya. Na wanunuzi wapo. Zipo serikali zinazopelelezana kwa matundu hayo, zinazoweza kuzima umeme wa nchi nyingine bila kurusha risasi, na wapo wanaotaka tu kumsikiliza mzee mmoja wa Kisongo akiwa sebuleni kwake. Mtengenezaji hawezi kuziba asichokijua, na mwenye simu hana habari hata ya kubonyeza kitu. Simu inaita mara moja, inakata, na mtu ameshaingia ndani. Usha akataja na bei ya tundu moja kama hilo, na Anande akamwomba asiirudie.

Lakini si bei iliyomkera. Kilichomkera ni kule kunyamaza.

“Fundi gani huyo,” alisema, “anauona ubovu kwenye simu za watu halafu ananyamaza ili usitengenezwe?”

Siku hiyo sauti yake ikarudi, na yule fundi asiyejulikana, popote alipo duniani, alisemwa mpaka duka likafungwa.

Usha alikuwa na dawa. Kuna watafiti nje ya nchi wanaochunguza simu za namna hiyo bure. Wakitumiwa nakala ya vilivyomo ndani, wanaweza kuona mgeni aliingia lini na kwa njia gani. Kama aliingia kabla ya mwezi wa tatu, kabla ya kioo kubadilishwa, Anande amesafishika. Ni kazi ya mchana mmoja tu: kuiwasha, kuweka namba ya siri, kunakili, kutuma. Simu ipo kwenye droo. Namba ya siri ni mwaka ambao Mwalimu alianza kufundisha, na Anande anaikumbuka vizuri.

Anande akakataa. Usha akashangaa, akamkumbusha kwamba mwenye simu alisema kwa kinywa chake, mbele ya watu, kwamba simu si yake tena. Anande akajibu kuwa yale yalikuwa maneno ya hasira, na ndani ya ile simu kuna mambo ya mtu na ya kijiji chake. Hawezi kuwapelekea wageni bila mwenyewe kusema ndiyo. Na mwenyewe hapokei simu zake. Kila alipompigia kwenye namba ya mkewe aliambiwa Mwalimu ametoka.

Wiki tatu zilipita namna hiyo. Msidhani zilikuwa rahisi. Siku moja, hakuna mteja hata wa dawa, aliitoa ile simu kwenye droo, akaweka kidole gumba juu ya kitufe cha kuwashia. Kubonyeza tu, na jina linarudi. Akatokea kijana anayetaka kuwekewa kava, na Anande akairudisha simu kwenye droo, akamkaripia kijana wa watu bila kosa lolote.

Jumamosi iliyofuata akavaa kitenge chake cha kanisani, akaifunga simu kwenye leso, akachukua bodaboda mpaka kijijini kwa Mwalimu. Alimkuta anakaza waya wa zizi. Akamsalimia shikamoo, na Mwalimu akaitika marahaba kwa mazoea ya darasani, halafu akaonekana kujuta kuitoa.

Anande akaeleza yote kama alivyoelezwa na Usha. Alipofika kwenye simu inayoita mara moja na kukata, Mwalimu akaacha waya. Alikumbuka. Mwezi wa kwanza, namba ya nje, simu ya video, iliita kidogo ikakatika. Naye ni mtu wa malezi ya zamani: ukibipiwa usipopiga, umekosa adabu. Alidhani ni mwanafunzi wake wa zamani aliyeko ng'ambo ameishiwa salio. Akapiga mara tatu, hakuna aliyepokea, akamsikitikia huyo mwanafunzi siku nzima. Anande alitamani kucheka akajizuia.

“Nimekuja kuomba ruhusa niifungue,” alisema. “Wageni wataona mambo yako yote, sikufichi. Ukikataa, hii hapa simu yako, na mimi nitabaki na hilo jina nililopewa.”

Mwalimu akaitazama ile leso.

“Hujaiwasha?”

“Sijaiwasha.”

Hakusema kama anaamini. Alisema tu kwamba waifungue, akarudi kwenye waya wake. Chai haikutajwa. Mtu ametoka mjini mpaka nyumbani kwako, na hata maji ya kunywa hapewi! Anande alirudi akimlalamikia dereva wa boda njia nzima, na yule dereva, masikini, alikuwa anakubali kila kitu.

Majibu yalichukua wiki saba. Usha akayatafsiri na kuyachapa, kurasa mbili. Simu iliingiwa tarehe tisa Januari, kupitia simu ya video ambayo haikupokelewa, na kule kupiga mara tatu hakukuongeza wala kupunguza kitu. Kipaza sauti kilikuwa kikisikiliza kwa siri na kuyatuma yaliyosikika, ndiyo sababu ya lile joto na bando kuisha. Nani aliyelitumia lile tundu, watafiti hawakuweza kusema kwa uhakika. Ila walimwambia mtengenezaji, naye akaliziba, na apdeti ikatumwa kwa simu za dunia nzima ikiwa na mstari mmoja tu: kasoro za usalama zimerekebishwa. Anande aliusoma mstari ule kwa sauti mara nyingi siku hiyo. Kila aliyepita mezani kwake alilazimishwa kuapdeti, na waliosema itawamalizia bando aliwaunganishia waifai ya Pravin bila kumuuliza Pravin.

Lakini mstari aliouhitaji zaidi ni ule wa tarehe tisa Januari. Akaupigia wino mwekundu, akazipeleka karatasi kwenye kikao cha kamati, ofisi ya kijiji, akakaa kwenye benchi la nyuma, mkoba mapajani.

Mwalimu Lesian alisoma kwa sauti ya kufundishia, akirudia palipo pagumu. Akaeleza kwamba kati yao hakuna aliyemuuza mwenzake, na wazee wakashusha pumzi. Akasema kuanzia leo simu zitabaki nje ya kikao, na kwa yule bibi atakwenda mwenyewe kwa miguu. Alipofika kwenye wino mwekundu, akauruka.

Anande aliona kabisa ameuruka makusudi. 

Mzee Sumari naye aliona. Akanyoosha mkono, akasema pale pekundu pasomwe, maana aliyemtaja fundi ni yeye, na pale pana haki ya mtu.

Mwalimu Lesian akazikunja karatasi, akasimama.

“Hapo hapahitaji karatasi, Mzee Sumari. Huyu mama alikaa na simu yangu wiki tatu, namba ya siri anayo kichwani, na jina lake nimelichafua mimi, mbele ya wateja wake. Akapanda boda akaja kuniomba ruhusa ya kuifungua. Nilijua siku ileile, palepale zizini, kwamba si yeye. Nikashindwa kumwambia kwa aibu. Hata chai sikumpa.”

Akamgeukia.

“Nisamehe, Mama Hans.”

Anande alikuwa ameandaa maneno ya siku hiyo kwa wiki saba, mengine makali kweli. Hakulipata hata moja. Alilia mbele ya wazee tisa, kwa sauti, na Mwalimu Lesian akabaki amesimama akimsubiri mpaka amalize.