Papa Norbert na Giza ya Saa Saba Muchana

Papa Norbert ni mufundi wa motere za boti hapa Kalemie. Mikono yake inanuka petroli hata akiwa kanisani. Lakini watu wengi hawamutafuti kwa motere, wanamutafuta kwa Kiingereza. Wakati wa vita alikimbilia Zambia akiwa kijana, akakaa kambini miaka minane, na kule njo alijifunza. Ukiwa na dawa yenye maandiko ya Kiingereza, ao karatasi iliyotoka Mpulungu, bandari ya Zambia, unaenda kwake. Naye hajibu mbio. Anakuuliza maswali mpaka unachoka. Watu wanamuchekelea: "Papa Norbert, tukikuuliza jina lako utaomba siku mbili!"

Mwaka jana, mwezi wa tisa, kwetu hakuna aliyecheka.

Nakaa kwa mama mudogo Viviane. Mume wake, Papa Chérubin, alikuwa anarudi kutoka Mpulungu na boti ya sukari, angefika Jumatano. Jumatano ikapita, Alhamisi ikapita. Ijumaa asubuhi Papa Kyungu, kaka mukubwa wa Chérubin, akaingia kwenye parsele, uani kwetu, na telefone mukononi. Muzambia mumoja mwenye boti ingine alikuwa ametuma mesaje kwa Kiingereza: aliwaona mara ya mwisho Jumatatu, saa saba ya muchana, wakiingia ndani ya "murk". Kisha hakuwaona tena. Telefone ilikuwa imegeuza hilo neno kwa Kiswahili: giza.

"Giza ya saa saba muchana," Papa Kyungu alisema. "Ni giza gani kama si ya tufani? Wamezama. Mutoe viti, mutandike mikeka."

Kwetu kilio kikishaanza hakirudi nyuma. Mikeka ikitandikwa, dada za mume wanamunyoa mujane, na moto unawashwa nje. Tena wanasema kumulilia muntu muzima ni kumuitia kifo. Dada wawili wa Chérubin walikuwa tayari mulangoni, mumoja amefunga wembe kwenye pembe ya kitenge. Mama mudogo akashika kichwa chake kwa mikono miwili, kama mwenye kubeba ndoo.

"Nitanyolewa Papa Norbert akisema. Mbele ya hapo, hapana."

"Mufundi wa motere njo atatuambia nani amekufa?" Papa Kyungu akauliza.

"Yeye njo anajua hilo neno, shemeji."

Wakamuita. Papa Norbert alisoma mesaje mara tatu akiwa amesimama, jasho linamutoka puani. Kisha akaanza tabia yake.

"Kule kusini walikuwa wanachoma majani?"

"Chérubin alinipigia Jumapili," mama mudogo akasema. "Alisema moshi ya milima ya Marungu inamuchoma macho."

Papa Norbert akaitika kwa kichwa. "Sikilizeni. Usiku wa kawaida Wazambia hawauiti murk. Wana neno lingine. Murk ni giza chafu. Moshi ikichanganyika na ukungu, wanasema murk. Maji ya matope, huoni chini, wanasema vile vile. Hata mambo ya muntu asiyeeleweka. Ni giza yenye vitu ndani, ila jicho haliviwezi."

"Kwa hiyo ni wazima," Papa Kyungu akasema.

"Sijasema."

"Basi wamekufa."

"Hilo pia sijasema. Neno linasema jicho la Muzambia lilishindwa. Linaishia pale."

"Neno gani hilo, halina kichwa wala mukia!"

Papa Norbert akaketi chini, kwenye udongo. Akasema kule kambini, akiwa na miaka kumi na tisa, waliletewa liste ya watoto ambao hawajaonekana. Mama mumoja akamuuliza juu ya jina la mutoto wake. Yeye, kwa kutaka kuonekana anajua, akamujibu mbio: amekufa. Yule mama akagawa nguo zote za mutoto, akahamia kambi ingine. Mutoto akaja. Alimutafuta mama yake miaka miwili.

Mwishowe Papa Kyungu akasema, "Nakupa mpaka Jumapili, misa ikiisha. Ikiwa ni kifo, wewe njo utajibu kwa nini ndugu yangu alikaa bila kuliliwa."

Jumamosi Papa Norbert alipita kwenye ua wetu mara tano. Hakuingia. Alisimama tu: "Bado?" "Bado." Mara ya tano midomo yake ilikuwa imekauka kabisa. Mama mudogo alipika bukari, ugali wetu, akaweka sahani ya mume wake mezani, akaifunika. Wale dada wawili hawakuenda kwao. Walikaa wanaangalia nywele zake.

Jumapili asubuhi, watu wakienda kanisani, telefone ikaita. Namba isiyojulikana, kutoka mji wa Moba, kule kusini. Mama mudogo alisikiliza, akapiga magoti. Moshi ilikuwa imeficha nchi kavu, Papa Chérubin akazima motere kwa kuogopa mawe, maji yakawasukuma mpaka kijiji kisicho na rezo ya telefone, petroli ikaisha. Wote walikuwa wazima.

Papa Kyungu alitoka kwenye ua. Tulimukuta baadaye kwa Papa Norbert, ameketi juu ya kasha la motere, ameshika kuku kwa miguu. Mama Claudine, muke wa Papa Norbert, alisimama mulangoni na kidole mudomoni.

"Amelala sasa hivi," akasema. "Tangu Ijumaa hajafunga macho. Mumuache."

"Nitangoja," Papa Kyungu akasema, akahamisha kuku mukono mwingine.